MWACHE ALE, ALALE, KISHA UMSIKILIZE

Somo la wiki kwa wazazi, walimu wa vijana na viongozi wa ushirika wa nyumbani

Andiko la kusoma kabla ya somo: 1 Wafalme 19:1-18



Mchungaji aliponiomba niandike somo la wiki hii kuhusu watoto wetu walio shuleni, nilimwomba siku tatu. Andiko nilikuwa nalo tayari, lakini nilihitaji kwanza ruhusa ya kijana wangu, kwa sababu somo lenyewe linamhusu. Nilimsomea yote niliyoandika. Akaniambia niondoe mambo mawili, nikayaondoa. Haya yaliyobaki ameyakubali. Amesema labda yatamsaidia mtoto wa mtu mwingine.

VILE MAMBO YALIANZA

Wengi wenu mlikuwa nyumbani kwangu Desemba ya 2023. Kijana alikuwa amefanya KCPE, ile ya mwisho kabisa kufanywa Kenya, na kama ilivyo desturi yetu hapa Embu na kule Meru, alitahiriwa mwezi huo. Mlikuja na sukari, unga na maombi. Kanisa likawafundisha wavulana wa mwaka huo walipokuwa wakipona, na mimi nilikuwa mmoja wa walimu. Somo langu lilikuwa "Mwanaume wa Mungu". Nakumbuka nikipiga meza na kuwaambia: kuanzia leo wewe si mtoto, mambo ya kulialia umemwachia mama jikoni. Wakaitikia amina.

Alipopona, akahamia chumba chake kule nje. Mama yake hakuingia tena kumtandikia kitanda wala kuangalia kama amelala. Hiyo ni desturi na siipingi. Lakini angalieni kilichotokea kwetu: mama alirudi nyuma hatua moja, na mimi baba sikusonga mbele hata hatua moja. Mtoto akabaki peke yake hapo katikati.

Januari 2024 akaingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni upande wa Meru. Mama yake ni wa Nkubu, kwa hivyo tuliona atakuwa karibu na wajomba. Karo nililipa kwa pesa ya kahawa. Sanduku likajazwa. Siku za kutembelea watoto tulipanda matatu mapema, tukapitia Chuka mpaka Meru, na chapati na kuku kwenye kikapu. Nilikuwa nauliza, "Masomo yanaendeleaje?" Ananijibu, "Ni sawa." "Na wewe je?" "Niko sawa, baba." Basi mimi narudi Embu nikishukuru Mungu. Hiyo "niko sawa" ilinitosha mwaka mzima.

Alipofika kidato cha pili, alama zikaanguka. Nikapokea barua: analala darasani, anajibu walimu vibaya, mzazi afike. Pale ofisini sikumwuliza kijana swali hata moja. Nilianza kumgombeza mbele ya walimu. "Unajua ni kilo ngapi za kahawa zimeingia kwa karo yako? Unaniaibisha mimi, mzee wa kanisa?" Alitazama sakafu. Akatumwa nyumbani wiki mbili.

Jumapili nikamleta hapa kanisani tukemee roho ya uasi. Wengine wenu mlikuwapo, tukamwekea mikono. Hakulia, hakuanguka, alisimama tu kama mti. Baadaye sana aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alijua hata kanisani hakuna mtu atakayemwuliza ana shida gani.

CUCU YAKE

Mama yangu anaishi boma la juu. Siku iliyofuata kijana alipanda kwenda kwake, sijui kama ni kuniepuka au ni njaa. Cucu alimtazama mara moja tu, akaweka uji motoni. Alipomaliza uji, akalala kwenye kitanda cha cucu kuanzia saa nane mchana mpaka asubuhi ya kesho. Nilipokwenda kumwita akafanye kazi ya shamba, mama alisimama mlangoni. "Usimwamshe," akaniambia. Alipoamka akapewa chakula tena, akalala tena.

Jioni ya siku ya pili walikuwa wanapukuchua mahindi wawili. Cucu akamwuliza, "Mjukuu wangu, ni nini kinakulemea hivi?" Kisha akanyamaza. Kijana anasema alinyamaza muda mrefu mpaka yeye mwenyewe akaona afadhali aseme.

Kesho yake nikaitwa. "Huyu mtoto si mkaidi," mama akaniambia. "Amechoka. Keti hapo, na usifungue mdomo."

Nikasikia. Tangu muhula wa kwanza, wavulana wakubwa bwenini walikuwa wanamfulisha nguo zao, wanachukua mkate wake na kumpiga usiku. Alikuwa haogopi kipigo kama vile alivyoogopa kulala, kwa sababu walikuja akiwa usingizini. Mwaka wa pili mwenzake akampa muguka atafune, ati itamsaidia kukesha akisoma. Ikamsaidia kukesha, lakini sasa hata alipotaka kulala hakuweza. Mchana anasinzia darasani, anaadhibiwa, anakuwa wa mwisho, anaona aibu. Na hakuniambia kwa sababu nilikuwa nimemfundisha, na amina akaitikia, kwamba mwanaume halii.

Halafu akasema, "Usiku mwingine niliomba Mungu nisiamke."

Wapendwa, nilifungua mdomo nikemee. Mama akainua mkono, nikaufunga. Ni yeye aliyemwuliza wazi kama amewahi kufikiria kujiua. Akajibu ndiyo. Cucu akamshika mkono na kusema, "Umefanya vizuri kutuambia. Hatutakuacha peke yako."

Usiku huo nilibeba godoro nikalala sakafuni katika chumba chake. Asubuhi tukaenda hospitali, mimi, yeye na mama yake.

VILE MUNGU ALIMTENDEA ELIYA

Nimehubiri habari za Eliya miaka mingi. Kila mara nilikuwa nasimama Karmeli, kwenye moto. Sura inayofuata nilikuwa naipita haraka, kwa sababu nabii aliyejaa nguvu hivyo kukaa chini ya mti na kuomba afe, hiyo maneno inasumbua mhubiri. Safari hii niliisoma polepole, na nataka tuone mambo manne.

La kwanza, aliyeomba afe alikuwa mtu wa imani. Ndiye aliyetoka kuomba moto ukashuka. Kwa hivyo tuache kusema kwamba mtoto anayekata tamaa hajaokoka vizuri, au haombi vya kutosha. Kijana wangu alikuwa anaomba. Shida ni alichokuwa anaomba.

La pili, Mungu alianza na mwili. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Hakukuwa na mahubiri hapo. Sikatai vita vya kiroho, na kukemea bado tutakemea. Lakini pale chini ya mretemu hakukemewa mtu. Mtu aliyechoka alipewa chakula na usingizi. Mama yangu hajui kusoma, lakini alifanya sura hii yote jikoni kwake.

La tatu, Mungu aliuliza. Kule Horebu alimwuliza Eliya anafanya nini hapo, na Eliya akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Kisha upepo, tetemeko, moto, na baadaye ile sauti tulivu. Halafu Mungu akauliza swali lilelile, na Eliya akajibu maneno yaleyale. Mungu hakumwambia, "Hayo umeshasema." Yeye ajuaye yote alisikiliza mara mbili. Mimi nisiyejua lolote sikusikiliza hata mara moja.

La nne, Mungu hakumwacha peke yake. Eliya alifikiri amebaki yeye tu. Aliambiwa wako elfu saba, tena akapewa Elisha wa kutembea naye. Mtoto anayeumia huamini ni yeye tu. Akijua kuna mwingine, mzigo unapungua.

YANAYOWAPATA WATOTO WETU

Kabla hujasema ni ya nyumba yangu tu, sikia hili. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitolewa 2022, ulionyesha kwamba zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamepata shida ya afya ya akili katika mwaka mmoja. Kama mmoja katika kila wanane alikuwa na hali ambayo daktari angeiita ugonjwa. Jumapili hii tazama benchi moja la vijana wetu, uhesabu wanane.

Wazazi wengi tukisikia ya kupigwa bwenini tunasema, "Hata sisi tulipitia, ni kawaida." Sisi watu wa pande hizi tusiseme hivyo kwa urahisi. Julai 1991 katika shule ya St. Kizito, Tigania, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa na wengine zaidi ya 70 wakanajisiwa. Hao walikuwa watoto wa makanisa, wa Meru yetu. Ukatili shuleni ukiachwa uitwe kawaida, hukua. Kupiga wanafunzi kumekatazwa katika shule za Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko pamoja na kumtesa mtoto kiakili. Mzazi ana haki ya kuuliza nini kinaendelea bwenini.

Muguka nayo, wacha tuseme ukweli. Inatoka kwetu Mbeere, kama vile miraa inatoka Igembe na Tigania. Wako ndugu humu ndani wanaolipa karo kwa shamba hilo, na sikuja kuwahukumu. Lakini inauzwa kwa bei ambayo mtoto wa shule anaweza kulipa, inafukuza usingizi, na ikiisha nguvu inamwacha akiwa mzito moyoni na mwenye hasira. Kama wewe ni mkulima au una kibanda, usimuuzie aliyevaa yunifomu. Hapo naongea kama ndugu yako.

Na wasichana wetu wana yao. Kuna anayekosa shule kila mwezi kwa kukosa sodo na anaona haya kumwambia baba. Kuna aliyedanganywa na mtu mzima mwenye pikipiki. Akipata mimba, tunamweka nidhamu, anakaa kiti cha nyuma, na hakuna anayemwuliza alifanyiwa nini. Sera ya serikali inaruhusu mama kijana arudi shule tangu 1994. Ni miaka zaidi ya thelathini, na bado makanisa yetu mengine yanamfungia mlango. Huyo naye yuko chini ya mretemu.

TUFANYE NINI

1. Angalia mabadiliko. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akinyamaza, akikosa usingizi au akilala kila saa, akiacha kula, akiumwa kichwa au tumbo kila siku ya kurudi shule, akigawa vitu vyake, akisema yeye ni mzigo. Ikiendelea wiki mbili, usingoje siku ya kufunga shule.

2. Mpe chakula na usingizi kwanza. Akitoka shuleni amechoka, hotuba ya alama inaweza kungoja.

3. Uliza, kisha unyamaze. "Niko sawa" ni mlango uliofungwa nusu. Keti naye mkifanya kazi ya mikono, mkichuma kahawa, mkiosha vyombo. Vijana huongea mikono ikiwa na kazi. Akianza, usimkatize na andiko, usimkatize na habari zako za zamani.

4. Ukiwa na wasiwasi, uliza wazi kama amefikiria kujiua. Wengi tunaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Haimpi wazo. Inampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, toa karibu naye vitu vya hatari, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa ni kinyume na Katiba. Huyo ni mgonjwa, si mhalifu.

5. Omba na uende hospitali. Aliyevunjika mguu tunamwombea na tunampeleka afungwe plasta. Hospitali kubwa za kaunti zetu, Embu na Meru, uliza huduma ya afya ya akili. Simu ya bure ya watoto ni 116, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapokea kwa 1199 bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

6. Nenda shuleni kama wakili wa mtoto. Waulize walimu, "Mmeona nini?" Walimu wengi wanaona na hawana mtu wa kumwambia.

KIJANA YUKO WAPI SASA

Nilimhamisha. Sasa anasoma shule ya kutwa hapa karibu na analala nyumbani. Alienda kwa mshauri wa hospitali wiki baada ya wiki, na mimi nikaenda naye mara kadhaa, mahali ambapo nami niliulizwa maswali. Muguka ameacha, na ilimchukua muda. Alama zimepanda kidogo. Siwezi kuwaambia yote yamekwisha, maana kuna siku bado anakuwa mzito na hataki kuongea. Siku hizo nabeba godoro. Hatuongei sana. Anasema inatosha kunisikia nikikoroma.

Yeye na wenzake ndio kundi la mwisho la 8-4-4, watakaofanya KCSE 2027. Hawana darasa la kurudia nyuma yao, na wanalijua hilo. Tusiwaongezee mzigo.

Na sasa neno langu kwa wale wavulana wa Desemba 2023. Mko hapa, wengine ndevu zimeanza. Niliwafundisha kwamba mwanaume halii. Hilo somo nalifuta leo. Yesu mwenyewe alitoa machozi mbele za watu penye kaburi la Lazaro, na hakuna aliyekuwa mwanaume kumliko. Mkilemewa, njooni. Msiponikuta, mama yangu yuko boma la juu, na uji haukosekani.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Mara ya mwisho ulimsikiliza mtoto wako bila kumjibu ilikuwa lini?
2. Desturi yetu ya kutahiri inampa kijana heshima. Ni nani anapaswa kusonga karibu naye wakati mama anarudi nyuma?
3. Je, kanisani kwetu mtoto anaweza kusema "sitaki kuishi" bila kuitwa mbele? Tubadilishe nini ili aweze?

TUOMBE

Baba wa mbinguni, ulimlisha mtumishi wako alipochoka, ukamwuliza ukamsikia. Tusamehe tulipokemea watoto tuliopaswa kuwalisha. Utupe masikio. Mkumbuke mtoto aliye bwenini usiku wa leo na hawezi kulala. Umpe usingizi, na asubuhi umpe mtu wa kumwuliza. Kwa jina la Yesu. Amina.